MAREHEMU MARTIN KAYAMBA: MTUMISHI WA WATU NA MGENI WA MBALI



Safari hii tunamkumbuka marehemu Martin Kayamba, Mwanglikana wa Tanganyika ambaye watoto wetu wa sekondari hulisoma jina lake katika vitabu vya historia, lakini sisi wazazi wao twamjua kidogo tu. Tumemchagua kwa sababu moja. Hapa Kimali tuna vikundi vingi: kwaya, akina mama, vijana, watu wa kuweka na kukopa, watu wa kulima pamoja na kuzikana. Kila kikundi kina kazi yake njema. Lakini yako maswali mawili ambayo hatuwezi kuyakwepa. La kwanza, kikundi ni cha nani: cha walio ndani peke yao, au na walio nje wana fungu lao? La pili, mgeni anapokuja kusoma kwetu, au mtoto wetu anapokwenda kusoma kwa watu, tunadaiana nini? Marehemu Kayamba aliishi ndani ya maswali hayo mawili maisha yake yote.

Mtoto wa Mbweni

Alizaliwa mwaka 1891 Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar. Ndugu zetu wa upande huu wa Ziwa wakumbuke kwamba kanisa letu lilipandwa na wamisionari wa CMS, lakini kule pwani kazi hiyo ilifanywa na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu. Misheni hiyo ilipata shamba la Mbweni mwaka 1871, ikawaweka pale watu waliotolewa utumwani, na ikafungua shule ya wasichana. Kwa miaka mingi mkuu wa shule hiyo alikuwa Bibi Caroline Thackeray, Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1877. Jina hilo la Thackeray tunalikuta pia katika majina ya Kayamba, maana kwa ukamilifu aliitwa Hugh Martin Thackeray Kayamba.

Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa wa ukoo wa Wakilindi, watawala wa zamani wa Usambara. Alipokuwa kijana, katika miaka ya 1880, misheni ilimpeleka Uingereza, akasoma katika shule ya Bloxham, katika wilaya ya Oxfordshire, kisha akarudi kuwa mwalimu. Na tufikiri kidogo juu ya safari hiyo. Wakati ule Wajerumani walikuwa ndio kwanza wanaanza kuitwaa nchi yetu, na reli haikuwako. Kijana wa Kisambaa akavuka bahari akaketi darasani na watoto wa Kiingereza, akala chakula chao na kuvumilia baridi yao. Leo vijana hupelekwa na vyama na makanisa kukaa mwaka mmoja katika nyumba za wenyeji wa nchi nyingine, nasi twaliona kuwa jambo jipya. Kumbe Waafrika wa kanisa letu walilijua zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Martin mwenyewe alisoma katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, huko huko Zanzibar. Kiungani palikuwa mahali pa kukutana vijana wa makabila mengi: Wabondei, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Alipotoka hapo alifanya kazi ya ukarani Kenya na Uganda, kisha akaingia katika biashara upande wa Tanga. Vita ya mwaka 1914 ilimkuta huko, katika nchi ya Wajerumani. Kwa kuwa alisomeshwa na Waingereza alishukiwa, akakamatwa na kufungwa, kama walivyofungwa walimu wengi wa misheni, mpaka utawala wa Wajerumani ulipovunjika mwaka 1916. Mwaka 1917 akaanza kazi ya serikali mjini Tanga, na baadaye akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya.

Chama cha Tanga

Hapa ndipo ilipo kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, na ili kuielewa yafaa tujue hali ya Tanga baada ya vita. Mjini palikuwa na wasomi wa namna mbili. Kwanza walikuwako waliosoma katika shule ya serikali ya Kijerumani ya Tanga. Wengi wao walikuwa Waislamu, walijua Kijerumani, na wenzao walikuwa wamekuwa makarani na maakida katika nchi nzima. Kisha walikuwako waliosoma Kiungani na Magila. Hawa walikuwa Wakristo, na walijua Kiingereza. Mjerumani alipoondoka na Mwingereza akaingia, mambo yakageuka. Waliokuwa juu wakajikuta lugha yao haitakiwi tena ofisini, na wale waliofungwa jana wakapewa viti. Wasomaji wetu wanaweza kuona wenyewe kinyongo gani kingeweza kukaa katika mji wa namna hiyo. Kayamba naye alikuwa miongoni mwa waliopanda. Angeweza kukaa na watu wake wa misheni, akale mshahara wake kwa raha, asimjali mtu.

Hakufanya hivyo. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kile ambacho vitabu vya shule hukiita kwa herufi TTACSA. Kayamba akawa rais wake. Katika chama hicho Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja, aliyesoma kwa Mjerumani na aliyesoma Kiungani wakawa ndugu wa chama kimoja, wala kabila la mtu halikuulizwa. Walikuwa na mahali pa kukutania jioni, pakiwa na magazeti ya kusoma. Yalifundishwa masomo ya Kiingereza, hata yule aliyeachwa nyuma na mabadiliko ya serikali apate kujiendeleza. Walikuwa na timu ya mpira. Tena chama kiliangalia hali za wanachama wake kazini.

Mtu aweza kusema haya ni mambo madogo: magazeti, darasa la usiku, na mpira. Lakini tuangalie vizuri darasa lile. Anayekijua Kiingereza alikuwa na faida juu ya mwenzake, na faida hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa kazi na cheo. Kumfundisha mwenzako kitu ambacho kinakupa wewe nafasi, hasa mwenzako ambaye jana alikuwa juu yako, si jambo dogo hata kidogo. Ni huduma inayomgharimu mtu.

Wengine hudhani kwamba vyama vya kuhudumia jamii ni desturi ya Wazungu, ya Rotari na Lions. Ni kweli Rotari ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1905, na klabu yake ya kwanza katika Afrika Mashariki ilifunguliwa Nairobi mwaka 1930. Lakini wakati huo chama cha Tanga kilikuwa kimekwisha kutimiza miaka 8. Na sisi Wasukuma tukumbuke vijana wetu wa zamani waliokusanyika chini ya nsumba ntale kwenda kulima shamba la mwenzao, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Desturi ya kusaidiana ni yetu. Alichoongeza Kayamba ni kuitoa ndani ya ukoo na kijiji, akaipeleka kwa watu wasiohusiana kwa damu wala kwa dini.

Mbegu ile haikuoza. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kilianzishwa Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, mtu wa misheni ya UMCA, na katibu wake Kleist Sykes, Mwislamu. Tunauona tena mfano ule ule wa Tanga. Chama hicho kiliendelea mpaka kikawa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Waliokutana Tanga kusoma magazeti jioni hawakujua wanaanza njia itakayofika mbali namna hiyo.

Safari ya mwaka 1931

Katika miaka ile Uingereza ilikuwa ikifikiri kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe chini ya serikali moja. Walowezi wa Kenya wengi walikuwa na nguvu, na Waafrika wa Tanganyika waliogopa kwamba ardhi yao ingefuata njia ya ardhi ya Kenya. Bunge la Uingereza likaunda kamati, na mwaka 1931 mashahidi Waafrika wakaitwa London. Kutoka Uganda alikwenda Serwano Kulubya na wenzake. Kutoka Kenya alikuwamo Chifu Koinange. Kutoka Tanganyika walichaguliwa watatu: Martin Kayamba wa Tanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga.

Jina hilo la tatu litufurahishe. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Bariadi na Meatu tulikuwa Shinyanga. Kwa hiyo katika safari ile Msukuma alikuwamo. Na mwanawe, Kidaha Makwaia, mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Watu hao watatu walikaa Uingereza kama wageni. Walipelekwa huku na huko kuona mambo ya nchi ile. Lakini hawakwenda kutembea tu. Nyuma yao walikuwako wakulima na wafugaji wasioweza kufika London kujisemea, na neno moja la kulegea lingeweza kuwagharimu mashamba na malisho. Mgeni anayetendewa wema huona vigumu kumkatalia mwenyeji wake jambo analolitaka. Hata hivyo mashahidi wa Tanganyika walisimama mbele ya kamati wakaukataa muungano na Kenya. Kamati ilipotoa taarifa yake mwaka ule ule, haikushauri muungano huo ufanywe wakati ule. Yako mambo mengine pia yaliyoizuia, hata gharama zake, lakini sauti ya Waafrika ilikuwa imesikiwa.

Kayamba aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, kilichopigwa chapa mwaka 1932, akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina lenyewe ni fundisho. Hakusema nilivyoona, alisema tulivyoona, maana hakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Tena hakutaja kuona tu, alitaja na kufanya. Na aliandika kwa lugha ambayo watu wa kwao wangeweza kuisoma, hata aliyebaki nyumbani apate fungu lake katika safari.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1932 alihamishiwa Dar es Salaam, katika ofisi kuu ya serikali, akawa katika cheo kilichokuwa juu kuliko cha Mwafrika mwingine ye yote katika utumishi wa serikali wakati huo. Alistaafu mwaka 1938, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Maandishi yake mengine ya Kiingereza, juu ya safari ya Ulaya na juu ya matatizo ya Waafrika, yalitolewa mwaka 1948, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Hatutaki kumfanya malaika. Wako waliomlaumu kwamba aliwaamini Waingereza mno, na kwamba alidhani Mwafrika atapanda polepole kwa elimu na adabu tu, bila kudai. Tena chama cha Tanga kilikuwa cha makarani na watumishi. Mkulima wa mkonge na mchukuzi wa bandarini hawakuwa na kiti pale. Hilo lilikuwa pungufu la kweli, na ilibidi wengine waje baadaye waufungue mlango uliobaki umefungwa. Lakini kila kizazi hufungua mlango ulio mbele yake. Yeye aliufungua ule uliowatenga Mkristo na Mwislamu, na watu wa shule mbili zilizochukiana.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tukivitazama vikundi vyetu hapa Kimali, tujiulize ni nani aliye nje ya mlango. Huenda ni mjane asiyeweza kutoa kiingilio, au mhamiaji asiye na ndugu hapa, au jirani asiye wa kanisa letu. Kikundi kinachosaidia wenyewe kwa wenyewe ni kizuri. Kinachomfundisha jirani kitu chenye faida ni kizuri zaidi.

Pili, akija mwanafunzi kutoka nchi nyingine, au mwalimu kijana kutoka mkoa mwingine, tusimfanye wa kutazamwa. Tumpe kitanda, ndiyo, lakini tumpe na jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni aliyelima nanyi, akachota maji nanyi, atayasimulia maisha yenu kwa haki atakaporudi kwao.

Tatu, mtoto wetu akipata bahati ya kwenda kusoma mbali, iwe Mwanza au Ulaya, tumwage kama mjumbe. Wenyeji wake watamtendea wema, naye awaheshimu, lakini asisahau walio nyuma yake. Akirudi, tumketishe mbele ya watu atueleze aliyoyaona na aliyoyafanya.

Mungu aiweke mahali pema roho ya mtumishi wake Martin Kayamba, na atupe sisi moyo wa kufungua milango yetu. Amina.