Dk Cowley: Aliyefundisha kuwahi majeruhi, na somo la kuongoza helikopta

Huenda umewahi kusikia wahudumu wa dharura wakitaja saa ya dhahabu, yaani muda mfupi baada ya ajali ambao majeruhi akipata tiba sahihi ana nafasi kubwa ya kupona. Aliyelieneza neno hilo ni Dk R Adams Cowley, daktari wa upasuaji wa Marekani. Maisha yake yana somo ambalo husahaulika: kasi peke yake haimwokoi mgonjwa.

Cowley alizaliwa mwaka 1917 mjini Layton, jimbo la Utah. Herufi R iliyotangulia jina lake haikuwa kifupi cha jina lolote. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1944, akatumikia jeshi huko Ulaya, kisha akarudi Baltimore na kujikita katika upasuaji wa moyo na kifua.

Swali moja lilimsumbua. Kwa nini mgonjwa ambaye upasuaji wake umekwenda vizuri anazidi kudhoofika mpaka anafariki?

Jibu alilitafuta katika hali ambayo madaktari huiita mshtuko. Hapa si mshtuko wa kuogopa. Ni pale damu inapopungua au shinikizo lake linaposhuka kiasi kwamba ubongo, figo na ini vinakosa oksijeni. Hali hiyo isipodhibitiwa mapema, seli huanza kufa, na kuna hatua ambayo hata ukimwongezea mgonjwa damu, harudi tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa fedha za utafiti kutoka jeshini, alifungua kitengo cha vitanda viwili tu. Wagonjwa waliopelekwa pale walikuwa wale ambao wengine walishawakatia tamaa, hivyo baadhi ya watu wakakipachika kitengo hicho jina la maabara ya kifo. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa hao walianza kupona.

Tatizo lililobaki lilikuwa barabara. Majeruhi walifika wamechelewa. Vita vya Korea na Vietnam vilikuwa vimeonyesha kwamba helikopta inaweza kumtoa askari mstari wa mbele na kumfikisha kwa daktari haraka. Cowley akaomba polisi wa Maryland watumie helikopta zao kwa kazi mbili, ulinzi na kubeba majeruhi. Mwaka 1969 kazi hiyo ikaanza.

Baadhi ya madaktari walimpinga, hasa kwa kuwa majeruhi walipitishwa juu ya hospitali zao na kupelekwa kwake. Hakurudi nyuma. Mwaka 1973 gavana wa jimbo alikipa kitengo chake hadhi ya taasisi kwa amri rasmi. Chini ya mfumo alioujenga, helikopta, magari ya wagonjwa na hospitali viliunganishwa kwa mawasiliano, na maombi ya helikopta yakawa yanapitia kituo kimoja. Alifariki mwaka 1991.

Umuhimu wa sehemu hiyo ya mawasiliano ulionekana kwa uchungu mahali pengine. Alasiri ya Juni 29, 2008, helikopta mbili za wagonjwa ziligongana karibu na hospitali moja mjini Flagstaff, jimbo la Arizona. Kila moja ilikuwa inaleta mgonjwa hospitali hiyo hiyo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Watu wote 7 waliokuwamo walipoteza maisha.

Wachunguzi walibaini kwamba marubani hawakuonana kwa wakati. Mmoja hakufuata njia iliyopendekezwa ya kuingilia hospitalini, na mwingine hakufuata mwongozo wa mawasiliano.

Kwa nini hatari iwe karibu na hospitali wakati anga ni kubwa? Kwa sababu helikopta kutoka pande zote hulenga sehemu moja. Rubani anashuka, macho yako kwenye kiwanja, waya na majengo. Viwanja vingi vya hospitali havina mnara wa kuongoza ndege kama uwanja wa ndege.

Kinga yake inajulikana. Kila rubani atangaze kwenye masafa ya pamoja ya redio, akiwa bado mbali, anatokea upande gani na atafika saa ngapi. Kuwe na njia maalumu ya kuingia na ya kutoka. Kituo cha mawasiliano kimweleze kila rubani kwamba kuna mwenzake anakuja, na yule wa pili asubiri mbali mpaka wa kwanza atue. Vifaa vya kutambua ndege iliyo karibu husaidia, lakini haviondoi wajibu wa kuzungumza.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba dakika 60 si mpaka wa uhai na kifo kwa kila majeruhi. Anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya dakika chache, na mwingine akapona hata baada ya saa kadhaa. Hata hivyo kuwahi ni muhimu, na wewe msomaji una nafasi yako. Kandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi na uite msaada mapema. Helikopta ikitua, kaa mbali na mkia wake na usisogee mpaka wahudumu wakuite. Wenye droni, msizirushe karibu na hospitali. Rubani anayeshuka na mgonjwa hawezi kuiona droni yako mapema, na haina redio ya kumwambia ilipo.