Frederick Lanchester: Fundi aliyetuliza mtetemo wa injini lakini hakutajirika

WAPENZI wa magari huku mjini hupenda kelele. Gari likinguruma taa zikibadilika, kila mtu anageuza shingo. Lakini ndani ya injini hiyo kuna kazi nyingine inayofanyika kimyakimya, na ikikosekana, mngurumo unaweza kuishia kwa krenki kukatika vipande viwili.

Kazi hiyo ina mwenyewe. Anaitwa Frederick William Lanchester, na pengine hujawahi kumsikia.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1868, babake akiwa msanifu wa majengo. Alikulia Hove, mji ulio kando ya bahari. Alisomea uhandisi Southampton na baadaye Kensington, lakini aliondoka bila digrii. Kazi aliipata Birmingham, katika kiwanda kilichotengeneza injini za gesi. Hapo ndipo mikono yake ilizoea grisi.

Mwaka 1896, akisaidiwa na nduguye George, aliingiza barabarani gari lake la kwanza. Mapema mwaka huo sheria ya Uingereza bado ilidai mtu atembee mbele ya gari! Injini yake ilikuwa na silinda moja tu. Gari lilitembea, ndio, lakini lilitetemeka vibaya.

Wengine wangesema ndivyo injini zilivyo, zoea tu. Lanchester alikataa. Aliunda injini nyingine ya silinda mbili na krenki mbili, moja ikizunguka kwenda upande huu na nyingine kinyume chake, ili mtikiso wa moja uumeze wa mwenzake.

Mwaka 1899 yeye na ndugu zake waliunda kampuni. Mwaka 1902 alipata hataza ya breki za diski, zile tunazoringa nazo leo tukipaka kalipa zake rangi nyekundu. Wateja walikuwepo na oda zilijaa. Kilichokosekana ni pesa za kuendesha kiwanda, na kufikia 1904 kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa madeni.

Hilo halikumzuia kuendelea kupambana na mtetemo. Hebu tuelewe alichokuwa anakifikiria.

Chukua injini ya silinda nne. Pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka. Mtu angedhani zinasawazishana kabisa. La hasha. Kwa sababu konrodi hulala mshazari krenki ikizunguka, pistoni husafiri masafa marefu zaidi katika nusu ya juu ya mzunguko kuliko nusu ya chini. Kwa hiyo zinazopanda na zinazoshuka hazifanani mwendo, na tofauti hiyo inaisukuma injini nzima juu na chini mara mbili kila krenki inapozunguka mara moja. Ukiongeza kasi ya injini maradufu, nguvu ya msukumo huo inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtu wa mbio huumia zaidi kuliko anayekwenda sokoni polepole.

Dawa ya Lanchester ilikuwa shafti mbili ndogo zenye uzito upande mmoja. Zinazunguka kinyume, kila moja kwa kasi mara mbili ya krenki. Injini ikisukuma juu, zenyewe zinavuta chini. Mchezo umeisha.

Lakini kulikuwa na adui mwingine mbaya zaidi, kwa sababu huyu haonekani. Magari ya kifahari ya wakati huo yalianza kutumia silinda sita, na krenki zake zilikuwa ndefu. Kila silinda ikilipuka, krenki inasokotwa kidogo kama nguo unayoikamua, kisha inarudi. Milipuko ikiangukia mdundo uleule wa krenki kujirudisha, ni kama kusukuma bembea kwa wakati wake: kila msukumo unaongeza mwingine. Chuma kinachoka, na siku moja kinakatika. Watengenezaji wakubwa, Henry Royce akiwemo, walihangaika na tatizo hilo.

Lanchester, ambaye sasa alikuwa mshauri wa kampuni ya Daimler, alifunga gurudumu dogo zito mbele ya krenki, lakini hakulikaza kabisa. Aliacha msuguano ndio ulishike. Krenki ikizunguka sawasawa, gurudumu linafuata. Krenki ikianza kujisokota kwa ghafla, gurudumu linachelewa, na ule msuguano unageuza mtetemo kuwa joto. Hiyo ndiyo dampa ya krenki.

Akili yake haikuishia garini. Mwaka 1907 na 1908 alichapisha vitabu viwili kuhusu jinsi mabawa yanavyobeba ndege, na wasomi wa anga bado wanalitaja jina lake. Aliandika pia hesabu za vita zinazoonyesha jinsi idadi ya wapiganaji inavyoamua mshindi. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi Uingereza.

Heshima ilikuwepo, pesa zikakosekana. Maabara aliyoianzisha baadaye haikumletea faida. Ugonjwa wa Parkinson ukamshika, na kwa ukatili wa ajabu, mtu aliyetumia maisha yake kutuliza mitetemo akawa na mikono inayotetemeka. Macho nayo yalififia. Mwishoni alibaki nyumbani kwake Birmingham kwa msaada wa watu wa sekta ya magari waliochanga ili asifukuzwe. Alifariki Machi 8, 1946, akiwa na umri wa miaka 77. Yeye na mkewe Dorothea hawakuwa na watoto.

Miaka ya 1970, Mitsubishi ya Japani iliboresha wazo la zile shafti mbili, na Porsche ikalipa ili kulitumia kwenye gari la 944. Ile injini ya 4G63 ya Evo ambayo vijana wanaililia? Ina shafti hizo. Wapo wanaozing'oa ili kupata nguvu kidogo zaidi, na hilo ni chaguo lao; injini itatikisika tu zaidi.

Dampa ni hadithi tofauti. Siku hizi mara nyingi ni ile puli ya mbele ya krenki, yenye duara la mpira katikati ya vyuma viwili. Mtu akikuuzia puli nyepesi ya kung'aa isiyo na mpira, akikuambia gari litaruka, kwanza muulize kama injini yako inahitaji dampa. Na kama ya zamani mpira wake umepasuka, usingoje kelele. Krenki inayosokotwa haipigi nduru.

Lanchester aliyajua hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita, akatupa dawa, na hakubakia na chochote mfukoni. Angalau tumjue jina.