Allidina Visram, Mfanyabiashara wa Bara

Katika kusherehekea miaka 10 ya kikundi chetu, tumeona tumkumbuke Allidina Visram. Alizaliwa Kachi, India, mwaka 1851, akafika Zanzibar angali mtoto, akajifunza biashara Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji. Yeye hakukaa pwani kungoja mteja. Alifungua maduka huko bara, Tabora na Ujiji, kisha kituo kwa kituo kando ya reli ya Uganda. Sisi wa Makambako tunajua kituo cha reli kinavyozaa soko!

Linalotugusa zaidi ni mali kauli. Wenye viduka vidogo aliwapa bidhaa bila fedha mkononi, wakalipa baada ya kuuza. Wakulima nao alinunua mazao yao. Tuseme ukweli, haikuwa sadaka, faida aliipata tena nono. Ila bila hiyo wengi wasingeanza. Mama muuza viazi wa Njombe anaifahamu mali kauli, na usingizi unavyopaa siku ya kulipa ikikaribia.

Alifariki mwaka 1916. Mwanawe alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu yake. Shule ingalipo, maduka hayapo tena.