Mwana Kupona

Zamani, katika kisiwa cha Pate, pwani ya nchi ambayo sasa ni Kenya, aliishi mama mmoja, jina lake Mwana Kupona. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikufa mwaka 1856.

Kisha mama akashikwa na ugonjwa. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa angali kijana. Nani atamfundisha? Mwaka 1858 mama akamtungia utenzi wa beti 102. Ndani yake anamwita mtoto aje na wino na karatasi, akae karibu naye.

Baadaye mama alikufa. Mafundisho yake yangali yakisomwa hata leo.

Nanyi, watoto wa Bogoro, jioni mkiisha kuteka maji, wasomeeni wazazi wenu.