Chiune Sugihara: Askari wa zamani aliyeokoa maelfu kwa kalamu yake

Msikilizaji, asubuhi moja ya Julai 1940, mtumishi wa serikali ya Japani alichungulia dirishani katika mji wa Kaunas, Lithuania, akaona umati wa watu langoni. Walikuwa Wayahudi, wengi wao wakimbizi kutoka Poland, nchi iliyokuwa imevamiwa na Ujerumani ya Hitler. Shida yao ilikuwa moja tu: viza.

Mtumishi huyo ni Chiune Sugihara. Leo tunamkumbuka.

Kutoka jeshini hadi darasani

Sugihara alizaliwa 1 Januari 1900 katika mkoa wa Gifu. Baba yake alitaka awe daktari. Inaelezwa kwamba kwenye mtihani wa udaktari kijana aliandika jina lake tu, kisha akarudisha karatasi. Yeye alipenda lugha. Mwaka 1918 alijiunga na Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, kusoma Kiingereza, lakini baba hakumsaidia, ikabidi afanye vibarua ili aishi.

Mwaka 1919 Wizara ya Mambo ya Nje ilitafuta vijana wa kusomeshwa lugha nje ya nchi. Alifaulu mtihani, akapelekwa Harbin, mji wa kaskazini mashariki mwa China uliokuwa na Warusi wengi. Huko alianza Kirusi. Masomo yakakatizwa na jeshi: alitumikia Korea, akawa luteni usu. Alipoacha jeshi mwaka 1922 alirudi kwenye vitabu, akafaulu vizuri, na baadaye akawa mwalimu wa Kirusi Harbin.

Lugha hiyo ikampa kazi. Alishiriki mazungumzo ambayo Wasovieti waliuza reli yao ya kaskazini mwa Manchuria mwaka 1935. Lakini aliacha wadhifa wake huko kwa kuchukizwa na jinsi Wajapani walivyowatendea Wachina. Baadaye akapelekwa Finland, na mwaka 1939 akapelekwa Kaunas.

Karatasi iliyokuwa uhai

Wakimbizi wale wangetorokea wapi? Magharibi kulikuwa na Wajerumani. Njia iliyobaki ilikuwa mashariki: kuvuka Urusi yote kwa treni, kisha meli hadi Japani. Konsuli wa Uholanzi mjini humo, Jan Zwartendijk, aliwaandikia kwamba kisiwa cha Curaçao huko Karibiani hakihitaji viza. Hapo wakawa na mahali pa kutaja kama mwisho wa safari. Kilichokosekana ni viza ya kupita Japani.

Sugihara aliomba ruhusa Tokyo. Wizara ilisisitiza masharti ambayo wengi wao hawakuweza kuyatimiza: fedha za kutosha, na ruhusa ya nchi wanakokwenda. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na kumpinga mwajiri wake kungeweza kumharibia kazi. Hata hivyo aliamua kuandika.

Kirusi kikamsaidia tena. Lithuania ilikuwa imeshashikwa na Wasovieti, naye alizungumza nao kwa lugha yao, wakakubali wakimbizi wapite. Kisha akaandika viza kwa mkono, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Orodha yake ina majina zaidi ya 2,100, na kwa kuwa viza moja iliweza kubeba familia nzima, waliookoka ni maelfu. Ubalozi mdogo ulipofungwa aliendelea kuandika, hata akiwa kituo cha treni siku ya kuondoka.

Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Lithuania. Wayahudi wengi waliobaki waliuawa.

Malipo yake

Vita vilipokwisha, Wasovieti walimshikilia yeye na familia yake kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Aliporudi Japani mwaka 1947 wizara ilimtaka ajiuzulu. Alifanya kazi ndogondogo kulisha familia, hadi Kirusi kilipompatia kazi katika kampuni ya biashara huko Moscow.

Hakujua waliopona ni wangapi. Mwaka 1968 mmoja wao, aliyekuwa akifanya kazi ubalozi wa Israel mjini Tokyo, ndiye aliyemtafuta akampata. Israel ilimtunuku heshima mwaka 1984. Alifariki 31 Julai 1986. Serikali ya Japani ilisubiri hadi mwaka 2000 kumsafisha jina hadharani.

Msikilizaji, Sugihara alijifunza Kirusi apate ajira. Ajira hiyo aliipoteza, lakini wajukuu na vitukuu vya wale waliosimama langoni wapo hai hadi leo.