Tolba, Mmisri wa Nairobi aliyebana serikali kwa sayansi

Wewe wa Kinoru, asubuhi bila mawingu ukiangalia Mlima Kenya, barafu iliyobaki ni vipande tu. Basi mjue Mostafa Tolba. Mmisri huyu alizaliwa 1922, akasomea mimea, kisha akaongoza UNEP hapa hapa Nairobi kuanzia 1975 hadi 1992. Ujanja wake? Wanasayansi waongee kwanza, ndio serikali zikose pa kutorokea. Kwa ozoni ilishika: Mkataba wa Montreal, 1987. Mwaka uliofuata UNEP na WMO zikaunda IPCC, jopo la kupima ushahidi wa tabianchi. Ripoti yake ya 1990 ikasukuma mkataba uliotiwa saini Rio 1992. Muhtasari wa ripoti hizo serikali hupitisha mstari kwa mstari, so baadaye kuruka ni noma. Lakini jopo halina askari, na hiyo Tolba aliijua. Alifariki 2016, barafu yako bado ikiyeyuka.