Mzee Ojwang wa Vitimbi: Mkikuyu aliyependwa kama Mjaluo

Jina Ojwang ni la Kijaluo. Lafudhi aliyoongea kwenye televisheni nayo ilikuwa ya Kijaluo, ile ambayo "sh" inageuka "s": shamba linakuwa samba, shida inakuwa sida.

Kumbe mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1937, na watazamaji wengi walimcheka miaka na miaka bila kulijua hilo.

Umaarufu wake ulianza miaka ya 1980 kupitia Vitimbi, igizo la kuchekesha la televisheni ya taifa ya Kenya. Wakati huo kituo kiliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 kikawa KBC. Huku Tanzania Bara televisheni ilikuwa bado. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994.

Ndani ya Vitimbi aliitwa Ojwang Hatari, mume wa Mama Kayai, nafasi iliyochezwa na Mary Khavere. Ni mzee wa maneno mengi, anayejiona mjanja, lakini ujanja unamrudia mwenyewe na mke anambana. Wawili hao walizoeleka mpaka watu wakaamini ni mke na mume kweli. Wanjau alionekana pia kwenye Vioja Mahakamani.

Kwa Mkikuyu, kazi hiyo haikuwa ndogo. Kiswahili cha Wakikuyu wengi kinajulikana kwa kubadilishana "r" na "l", siyo "sh" na "s". Kukaa ndani ya lafudhi ya watu wengine kwa miaka yote hiyo kunataka sikio kali na mazoezi.

Na Kenya ukabila si jambo la mzaha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mapigano yaliua zaidi ya watu 1,000, huku Wakikuyu na Wajaluo wengi wakiwa pande tofauti za siasa. Kufika hapo, Mkikuyu huyu alikuwa ameshapendwa kwa miaka zaidi ya 20 akiwa Mjaluo.

Umaarufu haukumpa utajiri. Uzeeni macho yalimsumbua, na mwaka 2013 Wakenya walichangishana pesa ili atibiwe. Alifariki Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na miaka 78.

Babati, kuanzia Singe hadi mjini kati, Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wambugwe wanaishi pamoja, na kuigizana Kiswahili ni utani wa kila siku. Utani huo unaweza kumuudhi mtu. Wa Ojwang ulidumu kwa sababu lafudhi haikuwa kichekesho chote. Watu walicheka tamaa yake, uongo wake na woga wake kwa mkewe, na hayo hayana kabila.